Glovu za mguso zinapogoma: kutafuta hitilafu kwenye mafunzo ya ufundi kwa uhalisia pepe

Malalamiko yanayofika kwenye meza ya fundi wa vifaa huwa mafupi: "glovu imekufa", "mkono unaruka", "sisikii kitu". Ukiyafuatilia, mengi hayaishii kwenye glovu. Yanaishia kwenye dirisha lisilo na pazia, kwenye mashine ya kuchomelea iliyo upande wa pili wa ukuta, au kwenye vipimo vya mkono wa mwanafunzi aliyetangulia. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachojitokeza mara nyingi kimetangulizwa. Fuata mpangilio huo hata kama unahisi jibu unalo tayari. Bisibisi iwe ya mwisho kushikwa.

Kwanza ijue glovu yako. Glovu ya mguso huvaliwa pamoja na miwani ya uhalisia pepe, inayoonyesha karakana ya kompyuta, ili mwanafunzi ahisi mkononi kitu anachokishika kwenye picha. Za mtetemo zina mota ndogo kwenye ncha za vidole, wakati mwingine na kiganjani. Hizi ndizo nyepesi na nafuu kuliko nyingine. Za breki zina kamba nyembamba inayopita mgongoni mwa kila kidole hadi kwenye kasha lililo juu ya mkono. Ukishika bomba la kwenye picha, kasha linaibana kamba na kidole kinakwama hapo hapo. SenseGlove Nova ni ya kundi hili, na breki yake hufikia nyutoni 20 kwa kidole, karibu sawa na kuzuia uzito wa kilo 2. Za hewa, kama HaptX, zina vipuli vidogo vinavyojazwa kutoka kwenye kompresa inayobebwa mgongoni au kuwekwa mezani. Kundi la nne hupitisha mishtuko midogo ya umeme kwenye ngozi. Utaikuta kwenye mavazi kama Teslasuit, na masharti yake ya kiafya ni makali zaidi.

Usiendelee kama unaona haya

Betri imevimba, yaani kasha limeachana kidogo kwenye maungio au glovu haikai tena bapa mezani. Glovu inapata moto wakati wa kuchaji kiasi cha kushindwa kuishika. Kuna harufu tamu ya kemikali au ya plastiki inayoungua. Mwanafunzi anahisi shoti, hata ndogo, kwenye glovu isiyo ya umeme. Breki imekwama na kidole hakitoki.

Kwa hili la mwisho, usivute. Zima glovu, kwa sababu breki nyingi huachia umeme ukikatika, kisha fungua mikanda kuanzia kifundo cha mkono na uchomoe kidole kutoka kwenye kikombe kinachoshika ncha yake. Kwa hayo mengine, chomoa chaja ukutani kama unaifikia salama, peleka glovu nje juu ya zege au mchanga, mbali na kitu chochote kinachowaka, na uite anayehudumia vifaa hivyo. Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi kutoa hewa. Nimewahi kusikia mtu akishauri hivyo kwa kujiamini kabisa. Ni ushauri wa kuchoma karakana.

Dalili: haiwaki, au haichaji

Chanzo cha kwanza ni kebo. Kebo nyingi zinazozagaa madarasani ni za simu, na baadhi yake zimechoka kwenye shingo, pale waya unapoingia kwenye pini. Jaribu kebo nyingine unayojua inafanya kazi, moja kwa moja kwenye chaja iliyokuja na kifaa, bila ekstensheni yenye matundu saba yaliyojaa.

Cha pili ni tundu la chaja. Chukua tochi ya simu uangalie ndani. Kwenye karakana utakuta vumbi la chuma na nyuzi za kitambaa zimeshindiliwa na kebo yenyewe hadi pini haizami. Zima kifaa, toa uchafu kwa kijiti cha mbao au plastiki. Usitumie sindano wala waya.

Mikoa ya pwani ina tatizo lake: kutu ya kijani kwenye pini za shaba. Jasho na hewa ya chumvi hufanya kazi hiyo wikendi tu, glovu zikifungiwa kabatini zikiwa bado na unyevu. Pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili huondoa kutu iliyo changa. Ikiwa pini imeliwa hadi rangi ya dhahabu imetoka, utasafisha leo na itarudi wiki ijayo. Hiyo inahitaji tundu jipya, na kubadilisha tundu ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye kifaa cha hewa moto.

Cha tatu ni betri iliyoachwa tupu wakati wa likizo. Seli ya lithiamu ya volti 3.7 ikishuka sana, saketi yake ya ulinzi hukata, na glovu inaonekana imekufa kabisa. Iache kwenye chaja yake saa moja kabla ya kukata tamaa, ukiwa karibu nayo. Ikiamka, ichunguze siku hiyo nzima: ikipata joto au ikiisha haraka, betri ibadilishwe. Kabla ya likizo ijayo zihifadhi zikiwa na chaji karibu nusu, na si kwenye kontena la bati. Betri hizi hazipaswi kuchajiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na kontena lililofungwa juani hufika huko kabla ya adhuhuri.

Cha mwisho ni umeme wenyewe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chaja za bei rahisi ndizo hufa kwanza. Pima chaja kwa mita kabla ya kuilaumu glovu.

Dalili: inaungana, kisha inakatika katikati ya somo

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu hitilafu huja na kuondoka. Fundi akija, kila kitu kinafanya kazi.

Anza na mchanganyiko wa jozi. Darasa lenye seti sita lina glovu kumi na mbili zinazofanana kama mapacha. Mwanafunzi wa meza ya pili akichukua glovu ya kushoto ya meza ya tano, glovu hiyo itaendelea kuitafuta kompyuta yake ya zamani, na kompyuta zote mbili zitakuwa zinainyang'anyana. Dawa yake ni alama ya rangi kwenye kasha na rangi hiyo hiyo kwenye kompyuta. Kisha futa kwenye orodha ya Bluetooth ya kila kompyuta glovu zote zisizo zake, na uunganishe upya moja moja, nyingine zikiwa zimezimwa.

Ikiwa zinakatika baada ya dakika chache za kukaa kimya, mfano wakati wa maelezo ya mkufunzi, angalia mipangilio ya kuokoa umeme. Windows hupewa ruhusa ya kuizima redio ya Bluetooth ili kupunguza matumizi. Ingia kwenye kidhibiti cha vifaa, fungua sifa za redio hiyo, ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima. Fanya hivyo pia kwa matundu ya USB.

Halafu msongamano wa mawimbi. Bluetooth hufanya kazi kwenye bendi ya 2.4 GHz, na bendi hiyo hiyo inatumiwa na ruta za kawaida, simu zilizo mifukoni, rimoti za miwani na spika ya mtu anayefagia korido. Hamishia mawasiliano ya miwani na kompyuta kwenye 5 GHz, ruta iwe ndani ya chumba, na kompyuta iungwe kwenye ruta kwa kebo. Simu zikusanywe kwenye sanduku mlangoni. Wanafunzi watanung'unika, lakini utaona tofauti.

Kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakishuku: tundu la USB 3. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo kwamba vifaa na kebo za USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia kwenye bendi ya 2.4 GHz. Kwa hiyo kipokezi kidogo cha glovu kikichomekwa kando ya diski ya nje ya USB 3, kinakuwa kiziwi. Kichomeke kwenye kebo fupi ya kurefusha, kikae juu ya meza nusu mita au zaidi kutoka kwenye kompyuta, pasipo chuma katikati. Ni suluhisho la shilingi elfu chache, na mimi hulifanya kwenye kila usakinishaji mpya bila kusubiri malalamiko.

Kisha karakana halisi. Vyumba vya uhalisia pepe mara nyingi huwekwa jirani na pale wanafunzi watakapokwenda kuchomelea kweli. Kwa ratiba ni jambo zuri, kwa redio ni balaa. Mashine za TIG (za kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) zenye alama ya HF huwasha moto kwa masafa ya juu, na kila zinapowashwa hutupa kelele pana hewani na kwenye nyaya za umeme. Kipimo chake ni rahisi: mtu mmoja asimame karakana, mwingine chumbani, mpigiane simu. "Nawasha." "Imekatika." Ikitokea hivyo mara tatu mfululizo, umeshapata chanzo. Mashine ikiwa na mtindo wa kuwasha kwa kugusa, wautumie huo wakati wa vipindi vya glovu. Vyumba viwili visitoke kwenye laini moja ya umeme. Na waya wa erthi wa mashine ukaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Kazi hiyo si ya mkufunzi wa kompyuta, hata kama ana mita.

Ukitaka kujua kwa uhakika kama glovu yenyewe ni nzima, ibebe pamoja na kompyuta mpakato hadi chumba cha mbali kisicho na kitu. Ikikaa nusu saa bila kukatika huko, hitilafu iko kwenye mazingira, na hakuna sababu ya kuirudisha kwa muuzaji.

Dalili: mkono wa kwenye picha unaruka, unatetemeka au unapotea

Sehemu hii ina siri moja inayookoa siku nzima. Katika mifumo mingi, glovu haijui mkono uko wapi. Inajua tu vidole vimekunjwa kiasi gani. Mahali ulipo mkono hutoka kwenye rimoti au kifuatiliaji kilichofungwa juu ya kifundo, kinachoonwa na kamera za miwani au na vituo vya ukutani. Kwa hiyo mkono mzima ukiruka, usiiguse glovu. Vidole vikiwa vibaya huku mkono umetulia, ruka hadi sehemu inayofuata.

Kwa mifumo inayotegemea kamera za miwani, mshukiwa wa kwanza ni mwanga. Jua la mchana likiingia dirishani limebeba mwanga mwingi wa infraredi, na rimoti nyingi hujitambulisha kwa taa ndogo za infraredi. Kamera zinashindwa kutofautisha. Funga mapazia mazito. Usitegemee giza pia, maana kamera zinahitaji kuona kuta na fanicha ili zijue ziko wapi. Chumba chenye kuta nyeupe tupu kila upande nacho huzichanganya. Bandika mabango ya usalama wa kazi, ambayo yanapaswa kuwapo hata hivyo.

Na tyubulaiti. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo tyubulaiti za zamani zenye chok ya chuma hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Miwani kadhaa, zikiwemo za Meta Quest, zina sehemu ya kuchagua masafa ya ufuatiliaji kati ya 50 Hz na 60 Hz. Iliyonunuliwa Marekani au iliyowahi kutumiwa huko inaweza kuwa imebaki kwenye 60. Weka 50. Kama mtetemo unakoma taa zikizimwa na dirisha la kivulini likifunguliwa, huna haja ya ushahidi mwingine.

Miwani isiachwe kamwe lenzi zikitazama jua, hata kwa dakika chache dirishani. Lenzi hukusanya miale na kuunguza skrini, na doa lile halitoki.

Kwa mifumo ya vituo vya ukutani, tafuta vitu vinavyong'aa: kioo, dirisha, bati jipya, mlango wa kabati la chuma cha pua. Vituo hufagia chumba kwa miale, na mwale ukirudi kutoka kwenye kioo kifuatiliaji kinaamini kiko mahali pawili. Funika kwa kitambaa. Kisha gusa kituo kwa kiganja wakati grainda inafanya kazi upande wa pili: ukihisi ukuta unatetemeka, kituo kihamie kwenye stendi imara au ukuta mwingine. Kiwe juu ya mita 2, kimeinamia chini kati ya nyuzi 25 na 35.

Kabla hujahamisha kitu chochote, lakini, shika kifuatiliaji kwenye kifundo ukitikise kidogo. Skrubu yake ikiwa imelegea, mkono wa kwenye picha utatikisika vivyo hivyo, na umemaliza kazi kwa robo dakika.

Dalili: vidole havilingani na vya kwenye picha

Kidole cha kwenye picha kinabaki kimekunjwa wakati cha kweli kimenyooka. Koleo linashikika kabla vidole havijalifikia. Skrubu ndogo ya kwenye terminali haishikiki kabisa.

Mara nyingi sana ni vipimo vya mtu aliyetangulia. Programu imehifadhi mkono wa kijana mwembamba wa saa mbili asubuhi, na saa tatu ameingia mama mwenye vidole vifupi. Kalibresheni, yaani kuipimia programu mkono upya, ifanyike kwa kila mtu, kila anapovaa, hata kama aliitumia jana. Dakika moja inatosha, lakini iwe dakika ya kweli. Vaa kwanza glovu nyembamba ya ndani, kwa sababu ukiiongeza baadaye vipimo vinahama. Sukuma kila kidole hadi mwisho wa kikombe chake. Kaza mkanda wa kifundo, kisha wa kiganja. Nyoosha vidole vyote hadi mwisho, kunja ngumi kamili, gusanisha dole gumba na kila kidole kimoja kimoja. Wanafunzi hupenda kufanya haya kwa kulegeza mkono, kama wanaosalimia kwa mbali, halafu wanashangaa ngumi yao ya kwenye picha haifungi.

Kwa wanaojifunza umeme, rudia mguso wa dole gumba na cha shahada mara kadhaa. Kazi zao nyingi ziko hapo: kushika ncha ya waya, kuzungusha bisibisi ndogo, kubana lagi.

Kama kalibresheni ni sahihi na kidole kimoja bado kinabaki nyuma, kagua kamba yake. Zima glovu, ivute kwa upole kutoka kwenye kasha na kuiachia. Inapaswa kurudi yenyewe bila kusita. Ikirudi kwa kukwama, kuna uchafu kwenye mdomo wa kasha. Puliza kwa pampu ya mkono, si kwa kompresa ya karakana, ambayo itasukuma vumbi ndani zaidi. Halafu iangalie kamba karibu kabisa, pale inapoingia kwenye kikombe cha ncha ya kidole. Huko ndiko inakochakaa: kwanza uzi mmoja unasimama kama unywele, kisha inakuwa na manyoya, kisha inakatika siku ya mtihani. Ukiona manyoya, iondoe kwenye matumizi.

Jambo la kuuliza kwa staha, tena pembeni: fani hizi zimejaa watu waliopoteza pingili au wenye kidole kisichokunjika kutokana na ajali. Programu nyingi huruhusu kuzima kidole kimoja. Mwanafunzi asilazimishwe kukieleza kidole chake mbele ya darasa ili kompyuta iridhike.

Dalili: hakuna mguso, au kidole kimoja hakisikii

Fungua programu ya majaribio ya mtengenezaji, usitumie somo lenyewe. Tetemesha au bana kidole kimoja kimoja. Majibu ni matatu tu.

Vidole vyote vinafanya kazi kwenye majaribio, ila somo liko kimya. Basi glovu ni nzima. Huenda kompyuta ina mifumo miwili ya uhalisia pepe, na somo linaongea na ule usio na glovu. Kwenye Windows ni mfumo mmoja tu wa OpenXR (kiwango kinachounganisha masomo ya uhalisia pepe na vifaa) unaokuwa kazini kwa wakati mmoja, na sasisho huweza kuubadilisha bila kukuuliza. Au kitu chenyewe hakikuwekewa mguso na waliotengeneza somo. Wanafunzi husema "meza haina mguso", na ni kweli, waliipa nyundo mguso wakaisahau meza. Andika jina la kitu hicho na hatua ya somo, mpelekee msambazaji wa programu.

Kidole kimoja hakijibu. Kwenye glovu za mtetemo, mara nyingi ni waya uliokatika ndani ya kitambaa kwenye pingili ya kati, pale panapokunjwa kila sekunde. Kunja na kunjua pole pole jaribio likiendelea. Mtetemo ukija na kuondoka, ni waya. Unaweza kuunganishwa na fundi anayejua kushona na kuchomea risasi kwa pamoja, na watu wa namna hiyo ni wachache. Kiunganishi kigumu kikiachwa ndani, kinamkwaruza mvaaji na kukatika tena. Kama glovu ina dhamana, usiifungue.

Au glovu inajibu na mtu hasikii. Hapa wengi humalizia kwa kubadilisha glovu bure. Mpe mtu mwingine avae. Akisikia vizuri, mrudie yule wa kwanza na umwulize ametoka wapi. Aliyetoka kushika grainda au nyundo ya umeme mikono yake imechoka kwa mtetemo, na hisia hupungua kwa muda. Ngozi ngumu ya fundi wa miaka mingi nayo hupunguza. Lakini akisema vidole hufa ganzi mara kwa mara, au hubadilika kuwa vyeupe kwa baridi, mpeleke kituo cha afya. Hiyo ni dalili ya madhara ya mitetemo ya zana kwenye mishipa na neva, na glovu imekusaidia kuigundua.

Halafu yapo yanayoripotiwa kama hitilafu na si hitilafu. SenseGlove Nova ya kwanza ina breki kwenye vidole vinne. Kidole cha mwisho hakina. "Spana haina uzito" nayo ni malalamiko ya kila muhula. Glovu iliyofungwa mkononi inaweza kuzuia vidole visifunge, haina pa kujishikiza ili ivute mkono wako chini. Uzito hautakuja kwa sasisho lolote. Ndiyo maana sipendi mkufunzi anapotumia mlio wa "klik" wa spana ya kwenye picha kumfundisha mtu nguvu ya kukaza boliti: mkono unajifunza mahali pa kuweka spana na mpangilio wa boliti, na hilo ni jambo kubwa, ila nguvu yenyewe aijifunze kwenye chuma.

Dalili: mguso unachelewa

Unagusa bomba, unaliona limeguswa, kisha kidole kinashtuka baadaye. Mkono hugundua ucheleweshaji wa milisekunde makumi kadhaa. Angalia kwa mpangilio huu: programu nyingine zilizo wazi kwenye kompyuta, hasa kurekodi skrini na masasisho yanayoshushwa, picha kupita hewani badala ya kebo, kompyuta mpakato inayotumia betri, maana hujipunguzia kasi, na joto. Kadi ya picha ikizidiwa na joto hujipunguza pia, kwa hiyo somo linakuwa zuri asubuhi na bovu saa nane. Safisha feni. Glovu za mota zenye uzani unaozunguka huchelewa kidogo kwa asili yake, kwa kuwa mota inahitaji muda kushika kasi. Kwa hizo, usitafute hitilafu zaidi.

Za hewa zina sababu zao: bomba lililokunjwa chini ya mkanda wa begi, kichujio cha kompresa kilichoziba vumbi. Sikiliza mlio wa "sss" kwenye maungio. Ukiusikia ndani ya glovu yenyewe, zima. Hazizibwi kwa gundi.

Dalili: mwili unalalamika

Kichefuchefu, jasho baridi, kichwa kuzunguka: vua miwani papo hapo, mtu akae, asiendeshe pikipiki wala kurudi kwenye mashine hadi iishe kabisa. Vipindi vya mwanzo viwe vifupi. Anayerudiwa na hali hiyo kila mara afundishwe kwa njia nyingine, bila kuadhibiwa alama.

Ngozi kuwasha au vipele kati ya vidole hutokana na unyevu na glovu ya ndani isiyofuliwa. Kila mtu awe na yake ya pamba, ifuliwe, ianikwe juani. Ile ya elektroniki ipanguswe kwa kitambaa chenye alkoholi na iachwe ikauke ikiwa wazi. Alkoholi hiyo isifike kwenye lenzi za miwani. Poda usitumie, inaingia kwenye kamba.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivae glovu wala vazi lolote la aina hizi bila idhini ya daktari wake. Mavazi ya mishtuko ya umeme yasivaliwe pia na wajawazito wala wenye kifafa. Degedege ikitokea, vua miwani, sogeza vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ita msaada wa afya.

Ukiamua kumwita fundi

Mwandalie haya: namba ya glovu na ni ya mkono upi, toleo la programu ya ndani, kidole gani, matokeo ya programu ya majaribio, matokeo ya kubadilishana mtu, chumba na kompyuta. Piga video fupi inayoonyesha mkono wa kweli na skrini kwa pamoja. Sema ulichokwisha kujaribu, hata kilichoharibika zaidi.

Kama kifaa kinasafirishwa kwenda kwake, kizime kabisa, kifungwe kwenye sanduku gumu, kamba zikiwa zimerudi ndani. Kilicho na betri iliyovimba hakiwekwi kwenye buti la basi wala kwenye ndege. Fundi akifuate kilipo.